Mianzi yako nyuki hawaingii? Angalia nyuma

Ndugu yangu wa Masaka, umesema umetundika mianzi miezi miwili ili nyuki wa pekee, wale wanaoishi mmoja mmoja bila mzinga, watagie humo, na hakuna aliyeingia, mi naona tatizo ni hiyo mirija kuwa wazi pande zote mbili. Kata ukiacha fundo, fundo ndo ukuta wa nyuma, urefu sentimita 15 hivi, tundu milimita 4 hadi 10, na mdomo upige msasa, nyuzi za mwanzi zinachana mabawa yao jamani. Usiache inaning'inia upepo unaitikisa, funga imara chini ya paa, ielekee jua la asubuhi. Siafu wakikusumbua paka grisi kwenye nguzo. Ukiona mdomo umezibwa na vipande vya majani usiguse kabisa, mayai yamo. Na kwa pasheni zako acha gogo kavu, yule nyuki mweusi mkubwa anayechavusha maua yake anatoboa kiota mwenyewe.