Maswali ya Wasomaji: Je, Ingrid Bergman Alifukuzwa Hollywood?

SWALI: Mhariri, Ingrid Bergman alitunukiwa Oscar tatu, lakini baada ya ile ya kwanza ilipita miaka kadhaa bila kuonekana katika filamu za Marekani. Je, alifukuzwa, au aliondoka kwa hiari? Na miaka hiyo haikumpotezea kipaji?

JIBU: Ndugu msomaji, aliondoka kwa hiari yake, ila njia ya kurudi ndiyo aliyofungiwa. Mwigizaji huyu, aliyezaliwa Stockholm, Uswidi, tarehe 29 Agosti 1915, na kufiwa na wazazi wote wawili kabla ya kutimiza miaka 14, hakuwa mtu wa kuamuliwa mambo: mtayarishaji David O. Selznick alipomleta Marekani mwaka 1939, alikataa kubadilishwa jina na kunyolewa nyusi. Zikafuata filamu za Casablanca na Gaslight, na hii ya pili ndiyo iliyompa Oscar ya kwanza.

Mwaka 1948, akiwa amevutiwa na filamu za Mwitaliano Roberto Rossellini, alimwandikia barua ya kuomba kufanya kazi naye. Walipokuwa wakipiga filamu katika kisiwa cha Stromboli walipendana, ingawa wote wawili walikuwa na ndoa zao, na Februari 1950 akajifungua mtoto wa kiume. Seneta Edwin C. Johnson wa Colorado alimshutumu vikali ndani ya Seneti, hata akapendekeza waigizaji wapewe leseni kwa kuzingatia maadili yao. Kwa maoni yangu, hasira ile ilizidi kwa sababu watazamaji walikuwa wamemwona akiigiza mtawa, kisha Joan wa Arc, mtakatifu wa Ufaransa, wakasahau kwamba hizo zilikuwa kazi zake tu.

Kifedha, filamu alizofanya na Rossellini zilikuwa hasara, wala sitaki kulificha hilo. Lakini kwamba kisanaa miaka hiyo ilipotea, nakataa katakata. Katika Viaggio in Italia ya mwaka 1954, anaigiza mke ambaye ndoa yake inavunjika safarini, karibu bila kupewa maneno mazito ya kusema. Uchungu wote anaubeba kwa macho na kwa namna anavyotembea bila mumewe katika jumba la makumbusho la Naples. Wahakiki vijana wa Ufaransa, akiwemo Jacques Rivette, waliitetea wakati wengi walikuwa wakiibeza, na leo imewekwa miongoni mwa filamu kuu za karne iliyopita.

Filamu ya Anastasia ya mwaka 1956 ilimpa Oscar ya pili, ambayo mwigizaji mwenzake Cary Grant alimpokelea, na ya tatu akaipata kwa Murder on the Orient Express ya mwaka 1974. Mwaka 1972 Seneta Charles Percy alimwomba radhi kwa shutuma zile za Seneti, na maneno yake yakaingizwa katika kumbukumbu rasmi za Bunge la Marekani. Bergman alifariki London kwa saratani ya matiti mwaka 1982, siku alipotimiza miaka 67.

Ukitaka kupima mwenyewe, tazama Gaslight kwanza, kisha Viaggio in Italia, na ulinganishe jinsi anavyoigiza hofu katika ile ya kwanza na upweke katika hii ya pili.