Fundo au kifaa cha chuma kwa kamba ya kiunoni?

Kaka, umesema ukiwa juu ya mti unakata matawi, fundo lako la prusik (kale kakamba unakozungushia kamba kuu, kanasogea ukikasukuma ila kanabana kakibeba uzito) linakwama kila ukiegemea kamba, ndo unataka ununue kile kifaa cha chuma cha kurefusha na kufupisha kamba ya kiunoni, ile unayozungushia shina ikushikilie. Mi ningesema usikimbilie dukani kwanza. Prusik ikishabeba uzito inabana kwelikweli, hapo usiivute kwa hasira, sogea karibu na shina kamba ilegee alafu ndo uisukume. Ikiendelea kusumbua jaribu fundo la distel, nalo ni la kubana hivyohivyo ila linalegea kirahisi, na uweke kapuli (kagurudumu ka kupitishia kamba) kadogo nyuma yake, hako ndo kanasukuma fundo ukivuta mkia wa kamba, yani mkono mmoja unatosha. Kamba ya fundo iwe nyembamba, mi natumia ya milimita 8 kwenye ya 12, zikilingana unene prusik haishiki vizuri.

Vifaa vya chuma kama Zillon ya kampuni ya Petzl ni vitamu sikatai, unalegeza taratibu hata ukiwa umekiegemea, ila bei yake we acha tu, na kila kifaa kina unene wake wa kamba, ukiweka nyembamba kuliko hapo kinaweza kuteleza. Fundo likichakaa unabadilisha kipande cha kamba basi. Utomvu wa misonobari nao unagandisha vyote viwili, sema kamba naitupa, chuma inabidi nikae nikisugue jioni nzima.

Vyovyote utakavyochagua funga kifundo mwishoni mwa kamba isije ikachomoka, na msumeno wa mota usiuwashe juu ukiwa umejifunga kamba hiyo moja tu, ongeza ya pili.