Tabo au bila tabo: maswali ya wenye magari ya porini

Ujumbe mwingi wa wiki hii unazunguka jambo moja: gari la kazi ngumu liwe na tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) au lisiwe nayo? Nimechukua sita, maana ndani yake yamo karibu yote yanayowasumbua.

Fundi, shikamoo. Naendesha watalii, Karatu hadi Ngorongoro. Bosi anataka kuuza mkonga wetu (Land Cruiser yenye bomba la kuvutia hewa lililoinuliwa kama mkonga wa tembo) wenye injini ya 1HZ anunue gari la tabo. Madereva wenzangu wanasema tabo haidumu. Ni kweli? (Dereva, Karatu)

Marahaba. Wenzako wanasema walichokiona, ila wanamfunga asiyehusika. 1HZ ni dizeli ya Toyota ya lita 4.2, silinda sita, imeanza kutengenezwa 1990, na kweli haina tabo. Lakini pia haina kompyuta, pampu yake ya mafuta ni ya chuma na springi tu, na injini kubwa namna hiyo inatoa nguvu za farasi kama 130 basi. Haijitumi sana. Hiyo ndiyo siri yake kubwa.

Sasa gari la tabo ambalo watu hulilinganisha nayo mara nyingi lina injini ya 1KD ya lita 3, ambayo dizeli yake inasukumwa kwenye nozeli (vipua vinavyopuliza mafuta ndani ya injini) kwa presha inayozidi ya hewa ya kawaida mara elfu moja na zaidi. Mafuta yakiwa na maji, au yametoka kwenye pipa la kando ya barabara, nozeli ndiyo inayoanza kufa. Ikianza kumwaga badala ya kupuliza, inaunguza pistoni. Injini inafunguliwa, kijiji kizima kinasema "tabo imeua", na tabo yenyewe ukiitazama ni nzima.

Kulinganisha kwa haki ni kuiweka 1HZ kando ya ndugu yake 1HD-T: lita 4.2 ileile, nayo ya 1990, pampu ya kawaida, ila imefungwa tabo. Zile za mwanzo zilijulikana kwa kula beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki). Wenye nazo walibadilisha beringi, wakaendelea na safari kwa mamia ya maelfu ya kilomita.

Tena kazi yako iko juu mlimani. Ukingo wa kreta uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya pale ni kama robo tatu ya ile ya Tanga. Injini isiyo na tabo inavuta hiyohiyo iliyopo. Pampu ikiwa imepimwa kwa watu wa pwani, mafuta yanazidi hewa, ndipo unapoona moshi mweusi ukipandisha barabara ya Lerai, ile ya kutokea ndani ya kreta, na watalii saba. Tabo inarudisha sehemu kubwa ya hewa iliyopungua. Kwa hiyo mwambie bosi asiogope tabo. Aulize kwanza nozeli ni za aina gani, nani Arusha anazipima, na mnajaza mafuta wapi.

Fundi habari. Nina 1HZ, nachoka kupitwa na malori. Nimeambiwa naweza kufungiwa tabo ya mtumba. Nifunge? (Mfugaji, Marsabit)

Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nimeona injini nzuri zikizikwa hivi.

1HZ inabana hewa mara 22.4. Ndugu yake aliyezaliwa na tabo anabana kama mara 18.6. Tofauti hiyo imewekwa makusudi: tabo inaleta hewa ambayo tayari imeshindiliwa, sasa ukiipeleka kwenye injini inayobana kupita kiasi, joto na presha juu ya pistoni vinapanda mno. Juu ya hayo, 1HZ inawashia mafuta kwenye kichumba kidogo ndani ya silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini), si juu ya pistoni moja kwa moja, na vile vichumba hupasuka kwa joto.

Wapo waliofunga wakadumu. Wote ninaowajua walitumia presha ndogo, wakafunga kipimajoto mahali moshi unapotokea injini, na mguu wakautoa kabla ya nyuzi 700. Ambaye hataki kutazama mshale huo, asifunge. Na kufunga tabo ya mtumba halafu fundi akufungulie skurubu ya pampu "ili ipate nguvu" bila kipimo chochote, huko ni kuchoma pesa. Tafuta kwanza kama chujio la hewa ni safi, valvu zina nafasi sahihi na nozeli zinapuliza vizuri. 1HZ nyingi zinazopitwa na malori zimechoka tu.

Tabo ya gari langu imekufa mara mbili ndani ya miezi minne. Ya pili ilikuwa mpya kabisa. Nimelogwa? (Mwenye gari, Iringa)

Hujalogwa. Tabo mbili kufa mfululizo ni oili, karibu kila mara.

Ule mhimili wa tabo unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na haugusani na chuma. Unaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikikatika sekunde chache tu, basi. Miaka ya nyuma gari liliwahi kuletwa kwangu likiwa na historia kama yako, tayari limebadilishiwa tabo mbili kwenye gereji nyingine. Sikugusa tabo. Nilifungua boliti yenye tundu inayoshika bomba dogo la oili, nikaielekeza kwenye jua. Tundu halikuonyesha mwanga. Nikachokonoa kwa waya, kikatoka kipande cha silikoni nyekundu, ile ya kuziba gasketi, ukubwa wa punje ya mchele. Fundi aliipaka kwa wingi, ikakatika, ikasafiri.

Kabla ya kununua ya tatu, badilisha bomba la oili, usilioshe tu. Angalia na bomba la kurudisha lisiwe limeziba au limekunjwa. Na usiruhusu silikoni ipakwe popote kwenye njia ya oili ya tabo.

Mume wangu anataka Prado ya dizeli yenye injini ya 1KZ ya tabo, mimi nataka ya petroli ya lita 2.7 isiyo na tabo. Tunaishi Mwanza, shamba liko Sengerema. (Mama wa watoto watatu)

Mama, niko upande wako. Udhaifu unaojulikana wa 1KZ ni silinda hedi ya aluminiamu kupasuka ikishachemsha, na gari la mtumba huwezi kujua limechemsha mara ngapi. Ile ya 2.7 ni nzito mlimani na inakunywa, hilo baba hajakosea. Lakini kwa safari zenu inatosha. Akishikilia la dizeli, rejeta ifunguliwe injini ikiwa baridi, iwashwe, na maji yatazamwe: mapovu yasiyokoma ni dalili ya hedi au gasketi, ondokeni.

Vumbi linaharibu tabo zaidi? (Dereva, Lodwar)

Linaharibu zote. Kwenye tabo linakwangua mapanga yake, kwenye injini isiyo nayo linamaliza ringi za pistoni kimyakimya. Paka grisi nyembamba ndani ya bomba, upande wa baada ya chujio, mbali na kihisi chochote. Endesha siku moja ya vumbi, kisha pitisha kidole. Ukisikia mchanga, hewa inapita pembeni ya chujio. Kaza klampu, badilisha mpira uliopasuka.

Ni lazima kuacha injini iungurume kabla ya kuzima? (Wengi)

Ukiwa umetembea polepole mjini, hapana. Ukiwa umetoka kupanda mlima na mzigo, au kuvuta tela kwenye mchanga, dakika moja au mbili, ili oili ipoze mhimili badala ya kuungulia humo. Na ukifika mtoni, subiri hivyohivyo kabla ya kuingia: nyumba ya tabo iliyo moto isitumbukizwe kwenye maji baridi. Shuka kwanza, pima kina kwa fimbo, hata kama gari lina mkonga.