Maswali ya Wasomaji: Kuchora Mitambo ya Kesho

SWALI: Nachora vyombo vya anga na helmeti za siku zijazo kwa penseli ya HB kwenye karatasi za A4. Kichwani huwa laini, lakini kwenye karatasi mistari inatoka na manyoya, magurudumu yanapinda, na nikijaza nyaya na vitufe ndiyo basi tena, chombo kinageuka jenereta. Nakosea wapi? (Msomaji, Pasua, Moshi)

JIBU: Manyoya yanatokana na kuunganisha vipande vifupi vifupi huku kiganja kimelala kwenye karatasi. Kifundo cha mkono huzunguka, kwa hiyo mstari mrefu ukivutwa nacho lazima upinde. Inua mkono, bega ndilo lisogeze. Weka nukta mbili zilizoachana sentimita 15, pitisha kalamu hewani mara mbili tatu, kisha vuta mara moja bila kusita. Ukiikosa nukta, achana nayo. Kuurudia mstari ndiko kunakoleta manyoya. Zoezi hili lifanye kwa kalamu ya wino, maana penseli inakushawishi ufute.

Kuhusu magurudumu: duara likitazamwa kwa mshazari huonekana duaradufu (duara lililobanwa), na mhimili wake mfupi hufuata ekseli. Wengi husimamisha mhimili mrefu wima kwa mazoea, na gurudumu linaonekana limechomoka. Chora ekseli kwanza, kisha mstari unaoikata kwa pembe mraba, ndipo duaradufu likae humo. Hakikisha kwa kutazama bajaji iliyoegeshwa. Lenzi na midomo ya roketi hufuata kanuni hiyohiyo.

Sasa jenereta, na hapa ndipo penye kazi. Kupunguza mistari peke yake hakuleti ulaini. Tazama kingo zako. Ukingo wa mviringo hauna mstari mmoja. Una miwili hafifu, pale mviringo unapoanza na unapoishia, na katikati unaacha karatasi nyeupe. Ukiweka mstari mmoja mweusi hapo, bati linaonekana limekunjwa kwa nyundo. Chagua mviringo mkubwa na mdogo, utumie hiyo miwili tu chombo kizima. Mstari mzito uwe wa nje kabisa. Wa maungio uwe mwembamba, na kama mwanga unatoka juu, acha weupe kidogo chini yake, kwani maungio ni mfereji mwembamba, na ukingo wake wa chini ndio unaopokea mwanga. Vitufe na matundu vikusanye sehemu moja, isizidi moja ya tano ya chombo, na kila kimoja kiwe na kazi: bawaba, tundu la kupozea. Nyaya zinazoning'inia nje zina mashabiki wake. Kwetu sisi ni uvivu wa kubuni.

SWALI: Chuma king'aacho kwa penseli tu, inawezekana? (Msomaji, Sakina, Arusha)

JIBU: Inawezekana, ila usisugue kwa kidole. Chuma kilichong'arishwa huonyesha kilichokizunguka. Tazama ekzosti ya kromu ya pikipiki juani: juu anga, chini barabara, kati yake mpaka mkali. Kwa silinda iliyolala, anza juu na kijivu cha penseli ya 2B, iliyo laini kuliko HB, kikififia hadi weupe karibu na katikati. Hapo ghafla weka weusi wa 6B, penseli laini na nyeusi zaidi, nao ufifie kuelekea chini. Mpaka ukiulainisha, utapata plastiki. Na HB iweke kando, haifikii weusi huo hata uikandamize mpaka karatasi ichanike.