Ekolaiza 14 za nini? Maswali yenu ya studio ya nyumbani

SWALI: Habari ya kazi kaka. Mi niko Arua, nina kastudio kangu chumbani, laptopu ni ya RAM 4, natumia FL Studio, programu ya kurekodi. Narekodi adungu (kinubi cha kwetu) mbili, ndogo na kubwa, sauti yangu na ya dada yangu, alafu biti ya kompyuta, yaani kiki (ngoma ya mguu), sneya na besi. Nimeshusha plagini za ekolaiza mpaka zimefika 14 sababu kila video inasema hii ni ya kiki, ile ya sauti za wanawake, nyingine ya gita, sasa nikifungua kazi sijui hata nianze wapi na miksi ikiisha bado inasikika ka imefunikwa blanketi. Kila traki niweke ipi? Na kama kuna moja ya kununua niambie nianze kuweka pesa.
Mpiga adungu, Arua

JIBU: Kaka, pesa yako iache ilale kwenye simu kwanza. Ekolaiza kazi yake ni kupandisha au kushusha sehemu fulani ya sauti, ya chini, ya kati au ya juu, basi. Hakuna ekolaiza ya kiki wala ekolaiza ya sauti za mwanamke, hayo ni maneno ya kuuza tu. Ekolaiza safi za kompyuta, zile zisizoongeza rangi yake yenyewe, zikichora mkunjo uleule (ule mstari unaoonyesha umepandisha wapi na kushusha wapi) zinatoa karibu kitu kilekile, na usiniamini mimi, jaribu mwenyewe: piga kopi ya traki moja ziwe mbili, moja weka ekolaiza ya bure, nyingine ile ya dola mia na kitu, chora mkunjo mmoja kwa zote, alafu traki ya pili igeuze polariti, yaani wimbi lake lipinduliwe juu chini ili lifute la kwanza. Zikicheza pamoja utasikia kimya, au mnong'ono tu huko juu kabisa. Ila angalia, usinakili namba, nakili mkunjo, sababu Q (namba ya upana wa eneo unalogusa) ya 2 kwa plagini moja si lazima iwe na upana uleule kwa nyingine, na hapo ndipo watu wengi wanasema "hii ni tamu kuliko ile" kumbe hawajaweka kitu kimoja.

Kwa hiyo ya kwanza unayo tayari. Fruity Parametric EQ 2 imekuja na FL Studio, ina bendi 7, yaani sehemu 7 za kuvuta juu au chini, na inakuonyesha mawimbi yakipita, weka hiyo kila mahali. Na anayetumia programu ya kurekodi ya REAPER ana ekolaiza yake, ReaEQ, tena hiyo ReaEQ kwa Windows inapatikana bure hata kwa programu nyingine. Faida ya kukaa na moja ni kwamba mkono unaizoea, unajua ukivuta hapa kinatokea nini bila kutazama. Na RAM 4 isikutishe, ekolaiza ya kawaida haili sana, kinachokula RAM ni zile maktaba za sampuli za piano na ngoma. Kuna aina moja tu nakukataza kwa sasa, zile zilizoandikwa linia fezi (linear phase), zinachelewesha sauti, zinachosha mashine na kwenye kiki zinaweza kuleta mwangwi mdogo unaotangulia pigo lenyewe, si kazi ya traki moja moja.

Sasa tuje kwa hilo blanketi, maana nadhani nimeliona kabla hata ya kusikia wimbo. Una kiki, una besi ya kompyuta, una adungu kubwa, na sauti mbili zilizorekodiwa karibu na maiki, wote hao wanarundikana kati ya hezi 200 na 400, na huko chini ya 150 wanapigana watatu. Hata ukinunua ekolaiza ya 15 haitaamua nani akae. We ndo unaamua. Na mimi ningekuwa wewe ningefuta besi ya kompyuta kabisa, adungu kubwa ndiyo besi yako bwana, kule kwenu wazee walipiga hivo na watu wakacheza mpaka asubuhi! Ukiona roho inakuuma basi besi iache pale kwenye kiitikio tu.

Ukishaamua, kazi inakuwa nyepesi. Sauti zenu zikatwe kwa kichujio kila kilicho chini ya hezi 80 au 100, huko hakuna maneno, kuna miguu yako na upepo na pikipiki zinazopita barabarani. Adungu ndogo inaweza kukatwa juu zaidi, hata 150, sikiliza ukiwa umewasha kila kitu, usiiweke solo, kwa sababu ikiwa peke yake utaionea huruma utairudishia mwili ambao kwenye miksi hauhitajiki. Kiki iachie eneo la hezi 50 na 60, na kama haisikiki kwa simu usiongeze chini, simu haina huo uwezo, tafuta lile pigo lake la juu kati ya 2,000 na 4,000 uongeze desibeli 2 au 3. Sneya yako ni ya sampuli, imeshapikwa, iache.

Adungu kubwa ndiyo yenye shida tamu. Ni sanduku la mbao limewambwa ngozi, sasa kuna nyuzi moja au mbili zikiguswa sanduku zima linaitikia, noti nyingine ziko sawa. Ukikata kwa ekolaiza ya kawaida unazikondesha noti zote kwa kosa la moja. Hapa ndipo plagini ya pili inaingia, ekolaiza dainamiki, inayokata pale tu sauti inapozidi kiwango ulichoweka. TDR Nova ya bure inatosha kabisa, ina bendi 4 na vichujio vya juu na chini. Itafute ile noti inayovimba, weka bendi pale, ishuke desibeli 4 hivi inapovimba tu. Hiyohiyo itakusaidia kwa sauti ya dada yako akipanda juu na kuanza kukwaruza masikio kwenye 3,000, au zile "s" zinazochoma kati ya 5,000 na 8,000.

Ya tatu, ukitaka, ni ya rangi. Hizi zinaiga mashine za zamani, maarufu ni Pultec ya Marekani ya miaka ya 1950, ile unayoweza kuongeza na kupunguza chini kwa wakati mmoja, ajabu lakini inaleta besi nene isiyo na tope. Kuna nakala za bure, Analog Obsession wanazo. Itumie mwishoni baada ya kusafisha, kwa traki moja au mbili, usiigeuze pilipili ya kila sahani. Hizo nyingine zote zitoe.

Mambo mawili hayako kwenye video ulizotazama. Moja, umeme. Wengi wanaofundisha ni Wamarekani, umeme wao ni wa hezi 60, wetu Uganda ni wa 50, kwa hiyo ule mngurumo ukiingia kwenye rekodi usikate 60 kama walivyokuambia, kata 50, 100 na 150, kwa bendi nyembamba sana ka sindano. Ukikata 60 unaondoa kiki na mngurumo unabaki unakucheka.

Pili, chumba. Hii imeniaibisha mimi mwenyewe. Nilikuwa na kachumba cha kupanga Kampala, futi 10 kwa 10, yaani mita 3 hivi, na kitanda kilichukua ukuta basi nikawa nakaa katikati kabisa na spika zangu. Chumba cha mita 3 kinasimamisha wimbi la kama hezi 57, na ukikaa katikati ndipo wimbi hilo linapotea masikioni. Mi sijui. Nasikia kiki imekonda, naongeza desibeli 3, naongeza tena, zikafika 8. Wimbo ukapigwa kwenye kwanjula, sherehe ya kutambulisha mchumba, spika kubwa mbili mbele ya hema, banange, soda zilikuwa zinatembea mezani zenyewe na bibi mmoja akashika kifua. Ekolaiza ilikuwa nzima, kiti ndicho kilikosea mahali. Kwa hiyo za chini hakikisha kwa hedifoni, na songea karibu na ukuta mmoja, na ulinganishe na wimbo wa mtu mwingine unaoujua vizuri.

Na kila ukizungusha kitu shusha sauti ya kutoka irudi palepale ilipokuwa kabla hujawasha plagini. Masikio yetu yanapenda chenye kelele zaidi, desibeli 1 tu inatosha kukudanganya kwamba umetengeneza kumbe umepandisha volyumu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Narekodi kwaya yetu Kasese, ekolaiza inakaa kabla au baada ya kompresa, ile plagini ya kushusha sauti inapozidi?
Dada wa kwaya, Kasese

JIBU: Marahaba dada. Ya kukata weka kabla, ya kuongeza weka baada. Kama mngurumo wa chini haujakatwa kompresa itaukimbiza huo badala ya sauti, utasikia kwaya nzima inazama kila mtu akigonga sakafu kwa mguu. Kisha ukitaka kung'arisha kidogo kuanzia hezi 10,000 kwenda juu, fanya baada. Na kwaya usisafishe mtu mmoja mmoja ikiwa mlirekodi kwa maiki mbili tu, haitawezekana, mtu wa besi anayenguruma sana msogeze nyuma hatua mbili na mrekodi tena Jumamosi.