Ubao mdogo au mkubwa kwa mawimbi ya Nyali?

Ndugu yangu, nimekuelewa: una uzito wa kilo 80, umezoea kupiga kafi ukiwa umesimama kwenye ubao wa futi 10 na nusu katika maji matulivu ya Nyali, Mombasa, na sasa unataka kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao wa futi 8.

Usiangalie urefu peke yake. Uliza kwanza ujazo, kwa kuwa lita 1 hubeba takriban kilo 1, na ubao wa lita 95, ukiondoa uzito wake wenyewe, utakuacha ukiyumbayumba huku maji yakikufika miguuni. Ubao mdogo hugeuka upesi, lakini humtaka mwenye nguvu na wimbi lenye msukumo, ilhali mawimbi yanayofika kwetu, upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe, huwa yamekwisha kupungua. Mimi nilifanya haraka kununua mdogo, nikatumia msimu mzima nikianguka. Kwako ningechagua futi 9 na kitu, wenye lita 130 hadi 140 na upana wa inchi 31 hivi.

Huo wa sasa usiuuze, ila ujue kwamba ubao mkubwa ukikuponyoka kwenye povu huweza kumjeruhi muogeleaji, kwa hiyo funga kamba ya mguuni daima. Maji yakipwa, kaa mbali na mwamba. Wakati wa kusi kali usiingie peke yako, na ikiwa bega lako limewahi kuteguka, muone daktari kabla ya kuanza.