Kabla hujaongeza dozi

Wadogo zangu mnaoanza kliniki ya presha, mgonjwa akishaketi muulizeni kwanza: "Dawa ya leo umemeza saa ngapi?" Wengi huja bila kumeza. Wengine wamefunga wakidhani watatolewa damu. Wengine, kama mzee mmoja alivyoniambia, wanataka "uione presha yenyewe ilivyo." Mashine inasoma 168/102, na wewe mgeni unaandika dozi mara mbili, kumbe umepima siku isiyo na dawa. Mpumzishe dakika tano, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, asiongee. Kisha pima mara mbili.

Dawa zenyewe mtazizoea upesi. Amlodipini hulegeza mishipa ya damu. Haidroklorothiazaidi hutoa chumvi na maji kwa mkojo, kwa hiyo imezwe asubuhi, mtu asikeshe chooni. Enalaprili huzuia mwili usitengeneze angiotensini, homoni inayobana mishipa. Losartani huiacha itengenezwe, ila huizibia mlango. Usiogope kuchanganya: dozi ndogo za dawa mbili mara nyingi hushinda moja iliyopandishwa hadi kileleni, tena kwa maudhi machache.

Na maudhi ndiyo yanayotupotezea wagonjwa. Hapo nami niliwahi kuchemsha. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mama muuza samaki, mikanda ya ndala imemchora miguuni. Nikabonyeza kidole juu ya kifundo, shimo likabaki. Bila kuuliza zaidi nikamwandikia dawa ya kukojoa. Miguu ikabaki vilevile, na choo cha sokoni kilikuwa mbali na meza yake, basi akaacha vidonge vyote. Alirudi baada ya miezi mitatu akiwa na 190/110. Sista mmoja mkongwe alifungua daftari la mama, akaweka kidole kwenye "amlodipini 10": "Ulimuuliza miguu ilianza lini?" Ilianza wiki mbili baada ya sisi kumpandisha kutoka miligramu 5. Uvimbe ule ni wa mishipa midogo iliyolegea na kuvujisha. Dawa ya kukojoa haiugusi sana. Tulipohakikisha moyo na figo viko sawa, tukamrudisha kwenye 5 na kumwongezea losartani.

Enalaprili nayo ina kikohozi chake kikavu. Mtu atamaliza chupa tatu za dawa ya kifua kabla hajakutajia, kwa hiyo mtajie wewe siku unayomwanzishia. Na mwanamke anayeweza kushika mimba muulize kabla hujamwandikia enalaprili au losartani, maana zote mbili humdhuru mtoto tumboni. Mjamzito huwekwa kwenye methildopa au nifedipini ya kuyeyuka polepole. Ile nifedipini ya kupasuliwa chini ya ulimi ili presha "ishuke haraka", ukiona mtu anaiandaa, mzuie. Presha ikiporomoka ghafla ubongo unaweza kukosa damu, mgonjwa akaondoka na kiharusi alichopewa na sisi.

Presha ikigoma kabisa, mwambie aje na kila anachomeza, akimwage mezani. Mara nyingi katikati ya vidonge vyako utakuta diklofenaki ya magoti, dawa ya maumivu inayopandisha presha, ya duka la dawa la mtaani kwake, anayomeza kila siku na hakuna aliyewahi kumuuliza.